Tamasha la documentary Kibaha: walisema baba yangu anakwepa kamera, nikaenda Chole kumfuata aliyekaa nyuma yake

Wakuu, habari za majukumu.

Naanza kwa kusema hii si chai, ni kisa cha kweli. Mhusika ni mimi mwenyewe, na atakayebisha aje Visiga anikute kwenye cherehani yangu tubishane uso kwa uso.

Kuna mtu humu aliuliza, ukienda tamasha la filamu za documentary utazame nini. Mkamjibu vizuri tu: tazama zilizoshinda tuzo, tazama za wanyama, tazama ile fupi ili uwahi kutoka. Nilitaka kuchangia mistari miwili, nikajikuta nimeandika uzi mzima. Mnivumilie.

Mimi ni fundi nguo. Naishi Visiga, hapa Kibaha, ila asili yetu ni Kisarawe, kijijini ndani ndani huko Chole.

(Chole ya Kisarawe, wakuu, siyo kile kisiwa cha Mafia. Kila nikitaja kwetu watu wananiagiza samaki.)

Sasa, hapa Kibaha kulikuwa na tamasha dogo la documentary, siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili. Filamu zilikuwa zinaonyeshwa mchana, na ule ukumbi una madirisha makubwa kuliko milango. Waandaaji wakanifuata niwashonee mapazia meusi.

Nikashona, nikaenda kuyatundika mwenyewe, wakanipa pasi ya kuingia siku zote tatu. Ukweli ni kwamba Ijumaa nilikwenda kuangalia mapazia yangu, siyo filamu.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya kina mama wanaochemsha chumvi. Nilisinzia kidogo, nisiwadanganye.

Ya pili ilikuwa ya mwanamke anavuta maji kisimani. Anavuta tu, haongei, muda mrefu. Watu wakaanza kutoka kununua soda. Mimi nikabaki, na baada ya muda nikawa naisikia ile kamba inavyolia kwa uzito wa ndoo. Hiyo ikija tena kaeni, msitoke.

Ya tatu ilikuwa ya mkaa.

Ikaanza kuonyesha barabara ya vumbi nikasema mbona naijua hii. Ukaonekana mkorosho uliolala pembeni ya msikiti, nikakaa sawa. Halafu akatokea baba yangu, Mzee Kondo, amejaa ukuta mzima.

Wakuu, baba alifariki mwaka jana. Hakuwa mtu wa simu wala picha. Tulichobaki nacho ni ile picha ya kitambulisho, na pale amekunja uso kama anadaiwa. Tulijua watu wa kamera waliwahi kufika kijijini wakamhoji, lakini filamu yenyewe hatukuwahi kuiona. Nilipoisikia sauti yake mle gizani nililia.

Sikulia muda mrefu, maana kilichofuata kilinikausha machozi.

Baba alikuwa mjumbe wa kamati ya msitu ya kijiji. Director, dada mmoja wa Dar ambaye hapa nitamwita Irene, anamuuliza nani aliwaruhusu wakata mkaa kuingia msituni. Baba anajibu, "Mimi sikumruhusu mtu. Waliingia sisi hatuna habari."

Maneno ni hayo. Ila sasa muone anavyoyasema. Ameipa kamera bega, macho yako pembeni, mkono shavuni, sauti ya chini. Hata mara moja hatazami mbele. Kabla hajamaliza picha inakatwa, tunaonyeshwa magunia ya mkaa yanapakiwa kwenye lori.

Ukumbi ukacheka.

Taa zilipowashwa wakafungua maswali. Akasimama kijana mmoja mwenye miwani, anaongea vizuri, amesoma. Akasema maneno ya mzee hayana haja ya kupimwa kwa sababu mwili wake umeshajibu, mtu mkweli anakutazama usoni. Akapigiwa makofi. Mama mmoja akaongezea kwamba wazee wa namna hiyo ndio wanaomaliza misitu yetu.

Nikasimama. Sikuomba hata kipaza sauti. Nikasema yule ni baba yangu mzazi na hakuwa mwongo.

Yule kijana hakunikejeli, hilo namshukuru. Aliniuliza kwa adabu kabisa, "Pole sana dada. Lakini sasa mbona hakuitazama kamera?"

Nilimjua baba kuwa ni mtu wa kumkazia macho hata mkubwa wa ofisi, na nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akiangalia pembeni. Nikakaa chini. Usiku huo wazo baya lilinijia, kwamba labda wao ndio wameona sawa. Nalitaja ili mjue lilivyouma.

Ijumaa hiyo, kabla sijatoka ukumbini, Irene alinifuata kunipa pole. Akaniambia filamu yake imechaguliwa kurudiwa Jumapili kufunga tamasha, halafu itazungushwa mashuleni na vijijini, na Kisarawe imo. Kichwani nikamwona mama yangu amekaa kwenye kiti cha mbele, watu wanamcheka marehemu mumewe. Hapo ndipo niliposema hili halipiti. Nikamwambia Irene, nipe mpaka Jumapili nikuletee jibu.

Jumamosi alfajiri nikafunga duka.

Kutoka Visiga kwenda Chole siyo safari ya kupanda gari moja ukalala. Unashuka huku, unapanda kule, unafika Kisarawe mjini juu ya vilima, unangoja Noah ijae ndipo ikuingize ndani. Wateja wa sare za shule wananipigia, nawajibu kesho, kesho, na mimi ndiye fundi ninayejisifia kwamba sina kesho. Sikujali.

Mama nilimkuta anaanua nguo. Nikamwelezea yote. Akasonya tu, akasema mume wake hakumwogopa mtu, sembuse kamera. Lakini siku ile ya kuhojiwa yeye hakuwepo, alikuwa amekwenda msibani.

"Korosho zangu nilimwachia bibi yako anibangulie," akasema. "Kamuulize, yeye ndiye alikuwepo."

Bibi ndiye mama mzazi wa mama yangu, nyumba yake ipo ng'ambo ya uzio. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba mke mwenzangu, akaanza utani wake kwamba nimenenepa mjini na mume sijaleta. Nikamkatisha, nikamuuliza siku ya kamera alikuwa amekaa wapi.

Akasema alikuwa palepale barazani kwa mama, kwenye mkeka, anabangua korosho.

"Na kamera waliiweka wapi?"

"Mbele yangu hapa. Kijana wao akaniambia, bibi wala usihangaike kuondoka, kaa hapo hapo, wewe hutaonekana."

Wakuu, nilikaa chini.

Kwa wale wa bara au mliozaliwa mjini, niwaeleze kidogo. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Ni heshima, na baba yangu aliishika mpaka anazikwa. Akikutana na bibi njiani, baba anaingia majanini mpaka bibi apite. Akirudi shamba anakohoa kuanzia kwenye uzio, bibi akisikia anavuta khanga. Na wakiwa na shida ya kusemezana wanatupitishia sisi watoto. "Mwambie bibi yako sukari imeletwa." Bibi yupo hapo hapo anasikia, naye anasema, "Mwambie baba yako asante." Sisi tunakimbia katikati kama posta, tunacheka.

Yote hayo nayajua tangu mdogo. Lakini pale ukumbini bibi haonekani kwenye picha, basi hata mimi mtoto wa nyumba ile sikumfikiria.

Mtu anaambiwa aitazame kamera, na nyuma ya kamera amekaa mkwe wake. Angefanyaje?

Bibi akaniambia zaidi. Kwamba baba aliwaomba mara mbili wahamie nyuma ya nyumba, wakamjibu kule mwanga mbaya. Na sababu asingeweza kuitaja, kwa kuwa kuitaja mbele ya mkwe nako ni aibu.

Nikatoka nje nikampigia Irene. Nikamuuliza swali moja tu, kama baba aliwahi kumwomba wahame pale.

Akasema ndiyo, mara mbili, na ipo kwenye mkanda ambao haujakatwa. Yeye alidhani mzee hataki visiki vya miti vilivyokuwa nyuma yake vionekane. Nikamweleza bibi alikuwa amekaa wapi.

Nikarudi kwa bibi kumwambia kesho twende Kibaha. Akakataa katakata. "Nikamtazame mkwe wangu kwenye ukuta, mbele za watu, mie na umri huu?" Nikambembeleza kwa nauli, kwa soda, kwa kitambaa cha dera. Wapi.

Mwisho nikamwambia kweli yenyewe. "Bibi, kule wanasema baba alikuwa mwongo."

Akauweka chini ungo aliokuwa anapepetea. Akauliza gari la asubuhi linapita saa ngapi.

Jumapili tukafika mapema. Irene alitaka nisimame nieleze kabla filamu haijaanza, bibi akasema hapana, yeye amekuja kukaa. Basi hakuna aliyeambiwa kitu. Mpango wangu wa hotuba, ambao nilikuwa nimeufanyia mazoezi njia nzima kwenye Noah, ukafia hapo. Tukakaa pembeni karibu na dirisha, na yule kijana wa miwani alikuwa mstari wa nyuma yetu.

Filamu ikaanza. Bibi hajui mambo ya kunong'ona. Anasema kwa sauti, huu mkorosho wa msikitini, huyu mbuzi wa nani, watu wanacheka na mimi nacheka. Akaonekana ameshazoea.

Kisha ikaja sauti ya baba. Inatangulia kidogo kabla ya picha yake.

Bibi aliivuta khanga ikafunika kichwa na uso, akageukia dirishani, akalitazama pazia langu jeusi.

Sikumwambia afanye vile, wala hakukuwa na muda wa kuambizana. Kule ukutani baba amegeuka upande wake, huku kitini bibi amegeuka upande wake, kama nilivyowaona maisha yangu yote. Mmoja wao yupo kaburini na bado wanaheshimiana.

Watu wa mstari wa nyuma wakainama kumtazama. Ile sehemu waliyocheka Ijumaa ikapita, hakuna aliyecheka. Magunia yakapita. Bibi hakugeuka mpaka nilipomgusa goti kumwambia ameshaondoka.

Taa zilipowaka Irene alisimama kabla ya maswali. Akasema kwamba mzee aliwaomba wahame pale mara mbili, yeye akapuuza, na wakati wa kukata filamu akakiondoa hicho kipande. Akaeleza bibi alikuwa amekaa wapi siku ile. Kisha akamwomba bibi aseme neno kama anapenda.

Bibi akasimama, khanga bado ipo kichwani.

"Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya mashine. Yule ni mkwe wangu. Alikuwa anitazame vipi?"

Akakaa. Hotuba yote ndiyo hiyo.

Yule kijana wa miwani akazunguka mstari, akaja akapiga goti mbele yake. Akamwamkia, akamwomba radhi kwa aliyoyasema Ijumaa. Bibi akamjibu marahaba mwanangu, hukujua. Halafu akamuuliza kama ameoa, maana ana mjukuu wake fundi cherehani. Nilitamani pazia lidondoke linifunike.

Irene aliahidi kuirekebisha filamu, na ametimiza neno. Kabla filamu haijapelekwa Kisarawe alinitumia iliyorekebishwa. Sasa baba anasikika akiomba wahame, na baraza linaonekana, mkeka na korosho. Sisemi filamu imethibitisha nani aliingiza wakata mkaa. Hilo bado ni swali na waulizwe wanaohusika. Ila macho ya baba yangu hayatatumika tena kuwa ushahidi.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza utazame nini, jibu langu ni hili. Tazama unachopenda, hata ya mbuzi. Lakini ukiona mtu anageuza uso, kabla hujampigia makofi anayemwita mwongo, uliza ni nani aliyekaa pale ambapo wewe huoneshwi. Kuna muda wa maswali, utumie. Na kama ni mtu wako, panda gari ukaulize kwao, usikubali kukaa chini kama nilivyokaa mimi Ijumaa.

Wakati tunarudi, tukiwa kwenye Noah tunaitafuta Chole, bibi hakunitania hata mara moja. Nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa na swali na hajui aanzie wapi.

"Mke mwenzangu," akasema, "alikuwa amevaa shati gani?"

Ndipo nikakumbuka kwamba katika ukumbi mzima, yeye peke yake hakumwona.

Nikamwambia lile la bluu la mifuko miwili, nililomshonea mimi. Akauliza kama lilikuwa limepigwa pasi. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akatazama nje, akasema vizuri.

Nimemaliza wakuu. Kwenu huko mkwe na mkwe bado wanapishana njia, au mmeshaanza kupiga selfie pamoja? Karibuni mseme, hata wa kunipinga. Nipo hapa na cherehani yangu, nasoma kila comment.