Fremu Isiyopinda

Fundi huyu wa baiskeli za mbio alibandikwa jina la Mizani, maana hakuamini kitu mpaka akipime. Fremu ya kaboni ikiingia karakanani kwake, aliibana kwenye meza ya chuma, akatundika uzito wa kilo ishirini pale pedali zinapofungwa, kisha akainama kusoma imepinda milimita ngapi. Iliyopinda kidogo aliisifu wiki nzima. Iliyopinda sana aliiita mkeka.

Mdogo wake wa kike, aliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa mshindani wa mbio ndefu, na alikuwa ameupenda mkeka wake. Alisema barabara mbovu ile fremu inaimeza yenyewe, yeye kazi yake kukanyaga tu. Lakini msimu wa mashindano makubwa ulipokaribia, Mizani aliipima, ikapinda milimita tano. Fremu mpya ikapinda mbili. Basi, akambadilishia.

Wiki haijaisha, dada mtu akarudi anakunja na kukunjua vidole.

"Kaka, mlimani ni tamu, sikatai. Ukikanyaga tu imeshaondoka. Lakini kwenye kokoto, kila punje inanifikia mgongoni. Na mikono inakufa ganzi."

"Utazoea, mdogo wangu. Kipimo hakisemi uongo."

"Kwani kipimo chako huwa kinaendesha?"

Wateja wawili waliokuwa wakingojea wakaangua kicheko. Hicho kicheko ndicho kilichoharibu mambo. Mizani angeweza kumfungia matairi mapana kidogo na kupunguza upepo, kazi ya nusu saa, na makali yangepungua. Hakufanya. Kufanya mbele ya watu waliocheka kungekuwa kukubali kwamba amekosea.

Siku ya mbio, dada alipanda mlima akiongoza. Kisha ikaja sehemu ya lami iliyobanduka, kilomita ishirini na kitu, halafu mteremko wenye kona. Alisema baadaye kwamba kona aliiona vizuri kabisa. Alichokosa ni vidole. Alivituma kwenye breki, havikwenda.

Mkono uliovunjika uliunga. Vidole viwili havijarudiwa na hisia mpaka leo. Vifungo vya blauzi anafungiwa na binti yake, na mbio zake zikawa zimeishia hapo.

Mizani alikwenda hospitali kila siku, akazungumzia hali ya hewa, chakula, majirani, kila kitu isipokuwa fremu. Mwaka mzima ulipita hivyo. Ndipo asubuhi moja akaifunga karakana, akaipanda ileile baiskeli ya ajali, aliyokuwa ameikarabati na kuificha nyuma ya kabati, akaifuata njia ya mbio tangu mwanzo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Yeye alikuwa akiwauzia watu vitanda miaka kumi na tisa. Kwenye ile lami mbovu alisimama kando ya barabara, akashindwa hata kufungua kizibo cha chupa ya maji.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, na vumbi lake.

"Nimeiendesha," alisema mlangoni.

"Ukasikiaje?"

"Vidole vimekufa."



"Nilikuambia, kaka."

Hakupaza sauti. Angemtukana, Mizani anasema, ingekuwa nafuu.

"Nilikusikia," akajibu. "Niliwaonea haya wale watu."

Dada akamvutia kiti, akamtilia chai, wakainywa wakiongea habari za watoto.

Siku hizi mteja akija, Mizani humuuliza kwanza anapita barabara gani na wapi panamuuma, na humwambia akaiendeshe baiskeli nusu siku kabla ya kuamua. Watu wanamsifu kwa hilo. Sifa hizo hazimkai.

Alijitolea kumuundia dada yake baiskeli nyingine, laini, ya kutembelea tu.

"Nikipata hamu nitakuambia," dada alijibu.

Huu ni mwaka wa tatu. Hajaambiwa.