Mawe ya Mzee Nzioka

Harufu ya chokaa mbichi hunikosesha raha mpaka leo. Juzi jirani alikuwa akipaka ukuta wa duka lake hapa Wote, nikajikuta nimesimama barabarani na mfuko wa mboga mkononi, akili imerudi Mutomo ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Haya sijamsimulia hata mume wangu, kwa hiyo nivumilie.

Karibu na boma letu palikuwa na kiwanja cha ndege, kipande kifupi cha ardhi nyekundu iliyofyekwa. Kila Alhamisi ndege ndogo ilileta daktari. Mahali magurudumu yalipotakiwa kugusa ardhi palipangwa mawe kumi yaliyopakwa chokaa, na mtunzaji wake alikuwa mzee Nzioka. Aliyapima kwa hatua zake kutoka kwenye kichuguu, akihesabu kwa sauti, na hesabu hiyo aliionea fahari kuliko kitu chochote. Sisi watoto tulimfuata nyuma tukiuiga mwendo wake, naye akijifanya hatuoni.

Shida ilikuwa kelele. Ndege ilikuja chini sana, injini ikinguruma, ikapita juu ya paa letu la nyasi hadi vyungu vikatetemeka. Baba alisema rubani anataka kuona tumepika nini. Lakini mdogo wangu Kyalo alikuwa mchanga na mgonjwa, na kila Alhamisi alishtuka akalia mpaka sauti ikamkauka. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Nilimwonea huruma kweli.

Nilikuwa nimegundua kwamba rubani huyalenga mawe. Basi yakisogezwa mbali na kwetu, si atapita juu zaidi? Jumanne moja mzee aliyang'oa yote, akayapaka upya na kuyarudisha. Jumatano mchana, watu wakiwa wamejificha jua, niliyabeba moja moja nikayapeleka mbele na kuyapanga vilevile. Nilipomaliza nilikuwa mweupe hadi viwikoni, nikaenda kujisugua kwa mchanga wa mtoni.

Kesho yake ndege ilipita juu kabisa. Kyalo hakushtuka, na mama alinitazama akatabasamu. Furaha yangu ilikuwa ya dakika moja. Ndege ilishuka kwa ghafla, kama mtu anayeteremka kilima mbio, ikagusa penye mawe, na kiwanja kilichobaki hakikutosha. Ikaishia korongoni, pua chini. Rubani alivunjika mkono, na daktari alitoka akichechemea.

Afisa mmoja alikuja kupima kwa kamba, kisha akamwita mzee mbele ya watu.

"Nani aliweka haya mawe?"

"Ni mimi, bwana. Mimi peke yangu ndio naweka."

"Basi umeweka vibaya."

Mzee alirudi kwenye kichuguu akazitembea tena hatua zake, midomo ikichezacheza. Alipomaliza, alikuwa amesimama mahali patupu, mawe yako mbele yake. "Labda Jumanne nilipotea hesabu," akasema. Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa, na nilifyata ulimi. Alifutwa kazi siku hiyohiyo, na ndege haikuja tena.

Nilipokuwa mtu mzima, mpwa wangu aliyesomea urubani alinieleza kwamba kwenye kiwanja kifupi vile rubani lazima aje chini, injini ikivuta kwa nguvu, aguse ardhi mwanzo kabisa. Akija juu na kushuka kwa mteremko mkali, wa chini hawasikii kelele nyingi, lakini yeye anafika na mwendo asioweza kuumaliza. Ile kelele juu ya paa letu ndiyo iliyokuwa usalama wao. Sikulala vizuri wiki nzima.

Nikaamua kwenda kwa mzee Nzioka nimweleze. Nilichelewa kwa miezi miwili. Mkewe, Kalunde, alinipa uji, tukamzungumzia marehemu.

"Tangu ile ndege," alisema, "huyu mzee hakuamini kichwa yake tena. Mbuzi ni sita tu, lakini alikuwa anahesabu mara tatu, halafu ananiita mimi nihesabu."

Miaka yote hiyo nilidhani nilimnyima kazi tu. Niliweka kikombe chini nikamwambia yote, tangu mgongo wangu na Kyalo hadi mchanga wa mtoni. Aliitazama mikono yangu.

"Mwende," akasema, "hiyo maneno ungemwambia yeye."