Kichaka cha Ming'oko Nyuma ya Bweni

Mwalimu Jonasi nilimjua kwa njaa yake. Mwaka 1996 nilikuwa mpishi kwenye chuo kimoja cha ualimu huku Nachingwea, na yeye mwanachuo mpya kutoka Njombe, shingo ndefu, kila mchana dirishani kwangu: "Mama Getruda, leo tena maharage?" Namjibu, "Ulitaka pilau, mwanangu? Kaoe basi." Anacheka, anaondoka na sahani yake.

Maharage yenyewe yalikuwa na wadudu, sifichi. Mwaka huohuo Jonasi akaanzisha kikundi cha kujitolea. Jumamosi hii wanafagia zahanati, Jumamosi ile wanawatekea maji wazee wa kijijini, nyingine wanapaka chokaa bweni lao. Waliimba mpaka nasahau kuchochea kuni. Jamani, wale vijana walipendeza! Hata sasa nikifumba macho nawaona, wamejaa vumbi, na harufu ya maua ya mikorosho imetanda mpaka kichwa kinakuwa chepesi.

Mwezi wa nane wakaamua kulima bustani ya mchicha nyuma ya bweni, ili chakula chao kibadilike. Pale palikuwa na kichaka. Mimi nilikuwa msibani Nanganga, la sivyo ningewafukuza na mwiko. Wakafyeka, wakang'oa mizizi, wakachoma. Jumapili narudi, moshi umelala chini kama ukungu, na Jonasi anatokea humo anachekelea: "Mama, tumewamaliza nyoka wote!"

"Na ming'oko ya Zuena?"

"Ming'oko ni nini?"

Hee! Nikatua mzigo wangu, nikakaa palepale.

Mtu wa huku haulizi. Ming'oko ni mizizi myembamba ya porini, unaichemsha, mitamu, na njaa ikibisha hodi ndiyo inayovusha watu. Kiangazi mmea wake hukauka, juu zinabaki kamba kavu, mgeni anaona takataka. Na ina desturi yake. Ukichimba, unaacha kichwa cha mzizi ardhini, unafukia. Ulipofukia ni pako, mwingine hagusi. Pale alianza kufukia mama yake Zuena, tangu walipovuka kutoka Msumbiji wakikimbia vita. Zuena alikuwa mjane, hana mtoto, hana shamba. Alikuwa na kile kichaka tu.

Kesho yake akaja na muo wake, ule mti uliochongwa ncha wa kuchimbia. Akasimama kwenye majivu. Hakutukana. Afadhali angetukana. Alimtazama Jonasi, akasema, "Mwanangu, sasa mimi nitakula nini?" Kisha akarudi kwake.

Siku hiyo Jonasi hakugusa sahani. Alipiga magoti kwenye lundo la mizizi iliyosalimika na moto, akapekua kwa vidole akitafuta vichwa vizima. Nilimwonyesha jinsi ya kufukia, huku namsema, maana hasira zilikuwa hazijanitoka. Mchicha haukupandwa. Kikundi chote kikakubali kupunguziwa ugali, nami nikawa nampelekea Zuena sufuria kila jioni. Hakulikataa, ila hakusema ahsante, na mimi sikumlaumu.

Mvua za kwanza, kimya. Jonasi akaanza kuniletea ndoto zake asubuhi pamoja na kikombe cha uji. Anaota kamba za kijani zinapanda miguu ya kitanda, zinatoka dirishani, zinakwenda hadi mlangoni kwa Zuena. Nikamwambia, "Ndoto haijazi tumbo, mwanangu." Lakini na mimi nikaanza kuziota.

Mvua za pili, zikachomoza kamba tatu. Tatu tu! Wakati huo alikuwa amemaliza chuo, wenzake wanahangaika wapangiwe kwao au mjini. Yeye akaomba Nkowe, kule Ruangwa.

"Una wazimu?" nikamfokea.

"Kutoka Nkowe naweza kuja kwa baiskeli, Mama."

Akaja kweli, miaka na miaka, matope hadi magotini. Anapalilia, kisha anasimama na Zuena pale kichakani kuyatazama majani. Mwaka 2000 Zuena akachimba mng'oko wa kwanza, akauchemsha kwenye jiko langu, akaukata vipande viwili, kimoja akampa Jonasi. Mwalimu mzima alilia waziwazi. Nililia na mimi, sioni haya kusema.

Zuena alifariki mwaka 2004. Mwaka uliofuata njaa ikabana. Kila siku akina mama wanapita pale na mio yao, wanakwenda porini mbali, kichaka kimestawi na hakuna anayekigusa. Jonasi alipokuja akashangaa, akamsimamisha Mwantumu, jirani yangu, aliyekuwa akipita na wenzake.

"Dada, kwa nini hamchimbi hapa? Mwenyewe si amefariki?"

Mwantumu akacheka, akapiga makofi. "Makubwa haya! Tuchimbe kwa mtu bila ruhusa? Sisi wezi?"

"Kwa mtu gani?"

"Kwako, mwalimu. Si wewe uliyefukia?"

Jonasi alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mtu wa Njombe, aliyekiteketeza kichaka kile kwa kiberiti alichochukua jikoni kwangu! Akaomba muo, akapiga magoti, akachimba taratibu, akaacha kichwa, akafukia kwa viganja. Kisha akawageukia wale akina mama.

"Nani kati yenu," akauliza, "nyumbani hana cha kula?"