Mke wangu aliitwa ofisini kutamka jina langu, ndipo nikapata kazi ya ulinzi

Wakuu, hamjambo humu ndani? Wazee wenzangu, kama mpo, niitikieni nisijione niko peke yangu.

Nimesoma uzi wa yule kijana wa Changamwe anayelia kwamba vetting ya kazi ya ulinzi serikalini imemchosha. Mara good conduct ya polisi, mara barua ya chifu, mara alama za vidole.

Nilicheka, halafu nikakasirika. Nikasema leo na mimi naandika.

Nimepita miaka mia, sina haja ya kumdanganya mtu. Haya yalinipata mwenyewe. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo msinikimbize.

Ilikuwa wakati wa vita vya Hitler. Nilikuwa kibarua bandarini, nabeba magunia. Nilikaa Miritini na mke wangu na binti yetu wa kwanza, Sidi, ambaye alikuwa bado anatambaa.

Siku hizo serikali ilikuwa ikichukua vijana wasio na kazi ya kudumu na kuwapeleka kwa nguvu kwenye mashamba ya mkonge. Kibarua kama mimi hakuhesabiwa kuwa na kazi. Majirani zangu wawili walichukuliwa na nguo walizokuwa wamevaa, wake zao wakabaki wanauliza watu barabarani.

Basi tukasikia wanatafutwa walinzi wa maghala ya serikali upande wa Changamwe. Ukiipata hiyo, hakuna wa kukugusa. Nikaenda mbio.

Nikapewa fomu. Kurasa nne, wakuu, kulinda mlango tu!

Baba yako nani, babu yako nani, umewahi kufungwa, umewahi kutumia jina jingine, una jamaa ng'ambo? Ng'ambo! Jamaa yangu wa mbali kabisa alikuwa Mariakani.

Nikapeleka kipande, kitambulisho cha siku zile, kile cha kuvaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, kama mbuzi na kengele yake. Nikapeleka barua ya mchungaji na barua ya hedimani wa kijiji. Vidole vyote kumi vikapakwa wino. Wiki tatu naenda narudi kwa miguu, na kila siku ninayokwenda huko nakosa kibarua.

Kikabaki kitu kimoja. Mpelelezi aje nyumbani ahakikishe kwamba mimi ndiye mimi.

Alikuja mchana, mimi niko bandarini. Nilimkuta mke wangu jioni amenuna.

Alinieleza hivi. Yule mtu alimuuliza, "Mume wako anaitwa nani?" Akajibu, "Baba Sidi." Akaulizwa, "Jina lake hasa?" Akajibu, "Muulize mwenyewe, yuaja jioni."

Mpelelezi akaandika kitu, akaondoka.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Kwetu siku zile mke hakulitamka jina la mumewe. Hata akiwa peke yake kisimani. Angeniita Baba Sidi, au mwenye nyumba. Kulitamka mbele ya watu ilikuwa kama kunivua nguo hadharani, na yeye kujivua pia. Tulikuwa Wakristo, kanisani kila Jumapili, lakini hilo ubatizo haukuliondoa.

Siku ya tatu nikaitwa ofisini. Karani akanisomea maneno ya mpelelezi: mke wa muombaji amekataa kutaja jina la mumewe, huenda jina lililo kwenye fomu si lake.

Faili langu likawekwa kando, na wale wanaoshukiwa ujasusi.

Mimi jasusi! Mimi niliyekuwa sijawahi hata kufika Nairobi!

Yule mpelelezi nilikuwa tayari kumsamehe. Alikuwa mtu wa bara, mila zetu angezijulia wapi? Lakini karani alikuwa mtu wetu kabisa, na nyumbani kwake nilikuwa nimefika. Nikamuuliza, "Wewe mkeo hukuitaje?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Baba Kombo," akasema.

"Basi mueleze Bwana afisa."

"Hapa si nyumbani, hapa ni ofisini. Bwana ataka mke aje alitamke yeye mwenyewe. Kesho, au faili lifungwe."

Nikauliza kama mama yangu anaweza kuja badala yake. La. Mchungaji je? La. Fomu imesema mke.

Wakuu, mpaka leo nikimkumbuka yule karani damu inanichemka. Alijua. Neno moja tu lingetosha, na kulisema kusingemgharimu kitu. Alimuogopa bosi wake kuliko alivyojiheshimu.

Nikarudi nyumbani nikamueleza mke wangu.

"Na aende mama yako akaseme," akaniambia. "Yeye ndiye aliyekuzaa."

"Wanakutaka wewe."

"Na wewe, Baba Sidi? Wewe wataka nini?"

Nikamwambia nataka aende. Nikamtajia mkonge, nikamtajia wale majirani wawili. Hakubisha. Akaenda kufua leso yake nzuri.

Kesho yake tukasimama mbele ya wanaume watatu: afisa wa Kizungu, karani na mpelelezi. Mtoto yuko mgongoni. Hakuna aliyetupa kiti.

Karani akamuuliza jina la mumewe. Mke wangu akatazama sakafu. Akaulizwa tena. Afisa akatazama saa yake.

"Stefano Karisa Mwamuye," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Afisa akasema hakusikia. Arudie.

Akarudia. Mpelelezi akacheka, "Kumbe alijua muda wote!" Na karani, yule Baba Kombo, akacheka pia ili amfurahishe mwenzake. Muhuri ukapigwa, nikaambiwa nianze kazi Jumatatu.

Tukarudi Miritini kwa miguu.

Kazi nilifanya miaka mingi na iliwasomesha watoto wangu, sikatai. Mkonge sikuuona. Lakini hasira niliyonayo msidhani ni ya karani peke yake. Nilikuwa na mdomo wa kumfokea karani. Mbele ya afisa, mke wangu anaambiwa arudie, mdomo niliufunga. Nilisimama pale kama gunia.

Jumatatu nilirudi nyumbani na kaki yangu mpya. Mama yangu na shangazi zangu wawili walikuwa wamekuja kunipongeza. Mke wangu akatoka jikoni na sima, akaiweka mbele yangu.

"Karisa," akasema, "karibu chakula."

Mama akashika mdomo. Shangazi mmoja akainuka kabisa. Nikamuuliza mke wangu amepatwa na nini.

"Nililificha kwa heshima yako," akasema. "Wewe mwenyewe ukaniambia nilitoe. Sasa nalificha kwa ajili ya nani?"

Hakuniita Baba Sidi tena. Tuliishi pamoja zaidi ya miaka hamsini, tukazaa wengine sita, na mpaka nilipomzika nilikuwa Karisa, mbele ya wakwe, mbele ya watoto, mbele ya mchungaji. Hakuwahi kunitukana wala kuninyima chakula. Ni jina langu tu, kila siku.

Nilichojifunza, vijana, ni kwamba fomu inaweza kudai kitu ambacho si chako kukitoa. Kwenye karatasi kitaandikwa kama jambo dogo tu. Kabla hujasema ndiyo, angalia ni nani atakayesimama pale kukitoa.

Haya, uwanja ni wenu. Wanaume najua mtaniambia sikuwa na njia, mkonge ulikuwa unaningoja. Hilo nimejiambia mwenyewe maisha yangu yote.

Nawauliza akina mama. Mngeniita nani?