Spika za Mombasa Zilizoimba Bila Kanda

Hapana, Asmaa, sizichukii hizo spika zenye amplifaya humo humo ndani. Niliziogopa tu, na hofu hiyo nusura inikoseshe bibi yako.

We andika huko kwenye simu, wasome na wenzako wanaouliza wanunue spika zipi za kurekodia nyumbani. Ila usinirembe. Mie shule yangu darasa la tatu.

Mwaka themanini na sita. Ruksa ya biashara ndo imeanza, vitu vimeanza kuonekana madukani.

Nakaa hapa hapa Mabawa. Chumba cha mbele nimekibandika magunia ukutani, narekodi watu. Kaswida, taarabu za harusi, hata mzee mmoja wa Kibondei alikuja kurekodi wosia, akasahau alichotaka kusema, tukanywa kahawa akaenda zake.

Nilikuwa na spika mbili kavu. Kavu maana yake ndani mna koni na waya, basi. Hazitoi neno mpaka uzilishe na amplifaya. Na yangu ilikuwa kubwa kama sanduku la bi harusi, ikipata moto paka analala juu yake.

Akaja shemeji yangu Tahiri, kakake bibi yako Zuleha, kutoka Moa. Kaleta spika mbili mpya za Mombasa. Kila moja ina amplifaya yake tumboni. Unachomeka ukutani, unachomeka kwenye mashine ya kurekodi, kazi imekwisha.

Akasema nizijaribu mpaka Ijumaa. Nikizipenda tunabadilishana, yeye achukue zangu kavu, kuna mtu wa ukumbi Duga anazitaka. Nisipozipenda anarudi nazo.

Kisha akashusha sauti.

"Na Zuleha naye Ijumaa naondoka naye, shemeji. Akitaka mwenyewe."

Sikuuliza kwa nini.

Bibi yako alikuwa hali na sisi. Miaka mitatu. Anapika, anatutengea, anaondoka. Ukimwita anasema kashiba. Anakula peke yake jikoni, mlango kaurudishia.

Ilianza alipokufa mdogo wake, Asmahani. Yule ndo alikuwa mwimbaji. Akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, watu wazima wanasinzia. Alipozikwa, Zuleha naye akafunga mdomo. Hakuimba tena, hakukaa tena kwenye sinia.

Kwao wakasema mume ndo hamfai. Mie mwenyewe nikaanza kuamini.

Haya. Nikazipisha zile mpya. Zile kavu nikazipeleka uani, nikazipandisha juu ya rafu jikoni kwa Zuleha.

Waya wake mrefu sikuutoa. Nilikuwa nautumia kupeleka sauti uani siku za shughuli. Ile ncha ya chumbani nikaichomeka kwenye tundu moja la mashine lililokuwa wazi.

Usicheke. Sisimizi wa Mabawa wakiona tundu wanahamia na watoto wao. Na miaka ile ya shida mashine ikifa imekufa, hupati nyingine. Kila tundu tulikuwa tunaliziba na chochote.

Jumatano alasiri niko peke yangu. Nimewasha mashine, nimebonyeza cha kurekodi nisikilize kama kuna mvumo. Kanda sijatia.

Spika za Mombasa zikaimba.

Sauti ya mwanamke. Iko mbali, kama inatoka ndani ya mtungi. Wimbo wa kubembeleza mtoto.

Nikazima. Nikakaa chini palepale sakafuni.

Alhamisi, wakati ule ule, nikawasha tena. Akaimba tena. Yale mavuto ya Asmahani, ile pumzi anayoikata katikati ya neno.

Nikaenda kumwambia Tahiri, alifikia kwa rafiki yake Chumbageni. Kwanza akanikejeli.

"Mie nimekuletea spika. Mashetani umeyatafuta mwenyewe."

Ila Ijumaa baada ya swala akaja. Nikatia kanda, nirekodi, watu wasije wakasema nimerukwa. Tukasubiri, magoti yamegusana kama watoto wa chuo cha Kurani.

Akaimba.

Tahiri akanikamata mkono. "Ni yeye," akasema. "Shemeji, hizi zina nguvu yake ndani, ndo maana zinasema zenyewe. Zile zako kavu ni maiti, haziwezi."

Mie nikaona kweli. Nikamwambia azirudishe Mombasa leo leo.

Basi wimbo ukakatika. Ile sauti ikasema, polepole, "Njoo ule, mdogo wangu. Leo nimekutengea wewe kwanza."

Tahiri akarudi nyuma mpaka ukutani. Mie nikaanza kung'oa waya. Nikavuta huu, nikavuta ule, na sauti ipo. Nikavuta wa tundu la sisimizi.

Kimya.

Nikaurudisha. Sauti ikarudi.

Asmaa, nikaushika ule waya mkononi nikaufuata kama kipofu. Ukatoka dirishani, ukakata uani, ukaingia jikoni.

Nikasukuma mlango.

Zuleha kakaa kwenye kigoda. Mbele yake kigoda kingine, kitupu, na sahani ya wali imetengwa hapo na kijiko. Sahani yake mwenyewe hajaigusa. Juu ya kichwa chake, zile spika zangu kavu.

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyekuwa ananisubiri miaka mitatu.

Akasimulia. Mwaka ule wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, mnakula mara moja kwa siku, Asmahani alikuja kutoka Moa. Kafika na njaa. Zuleha akamwambia angoje kwanza wanaume wamalize kula.

"Sinia likarudi jeupe," akasema. "Akanambia dada, sina njaa mie. Akarudi Moa alasiri ile ile. Homa ikamkuta hana kitu tumboni."

Tahiri alikuwa kasimama nyuma yangu. Sote wawili tulikuwa tunalikumbuka lile sinia. Sisi ndo tulilikomba. Tulikuwa tunacheka, na tukaomba ukoko.

Ndo maana alikuwa hawezi kukaa nasi.

Fundi mmoja alikuja kunieleza baadaye: spika kavu ukiichomeka kwenye tundu la maiki inageuka maiki. Koni ikitikiswa na sauti, inarudisha umeme kidogo kwenye waya. Yaani zile tulizoziita maiti ndo zilikuwa zinasikiliza. Zenye nguvu zake zilikuwa zinarudia tu.

Kwa hiyo wewe nunua zenye amplifaya ndani, mjukuu wangu. Chumba kidogo, waya mchache, amplifaya na koni vimeshapatanishwa na waliovitengeneza. Kavu zinataka ujue kupatanisha nguvu, usipojua unaunguza. Uzuri wake mmoja, amplifaya ikifa unabadilisha amplifaya, spika zako zipo.

Mie zangu kavu sikuzitoa. Tahiri alirudi Moa na za Mombasa, na bila dada yake.

Na nilichojifunza ni hiki. Nilikaa na mke miaka mitatu, na ua wa kututenganisha ni hatua chache. Nikanunua magunia, nikaziba kila mlio, nisikie vizuri. Sikuwahi kumuuliza, Zuleha, una nini.

Ile kanda ninayo. Ile uliyoisikiliza jana ukaniuliza, babu, huyo anayeitikia nani?

Tuliisikiliza siku ile ile, watatu sisi. Zuleha alitaka asikie sauti yake. Wimbo ukapita. Ikaja, njoo ule, mdogo wangu.

Halafu kimya kidogo. Halafu sauti ndogo, tuliyoikosa tulipohangaika na waya, karibu kabisa na koni.

"Naja, dada."

Tahiri akasema huyo ni mtoto wa jirani. Jirani yetu hakuwa na mtoto.

Zuleha akapakua wali wote kwenye sinia moja, akaliweka katikati ya mkeka. Akatunawisha mikono, kaka yake kwanza, kisha mie, kisha akanawa yeye.

Akasogea kidogo, akaacha nafasi ubavuni kwake.

"Kaeni," akasema. "Wali unapoa."

Tukakaa wote.