Shanga za Mumbua

Harufu ya punda aliyenyeshewa naijua hata nikiwa usingizini. Punda wetu, pale karibu na Kyumbi, alikuwa wa kijivu, mkaidi, na hakuwa na jina. Baba alisema kitu cha kubeba mitungi hakihitaji ubatizo. Sote tulimwita "wewe". Siku moja akapotea, tukazunguka na mama hadi barabarani, na watu wanatuuliza, mnamwita nani? Hatukuwa na la kuita. Tulimpata kwenye mahindi ya watu, na nilipomshika kamba akanipiga teke. Asante ya punda. Babu, baba yake mama, aliposikia alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema kisicho na jina hakirudi nyumbani. Shule niliachia darasa la nne na mengi ya huko yamenitoka, lakini hilo halijatoka.

Nilikuwa nasema juu ya majina. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya wa upande wa baba, ndiyo maana mimi ni Nduku. Wa pili ni wa upande wa mama. Kwa hiyo mama alipokuwa mzito tena, babu kule Mwala alijua bila kuambiwa kwamba akija msichana ni Mumbua, mkewe, aliyekuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Mumbua ni mzaliwa wa mvua. Babu alingoja jina hilo kama mtu anayengoja msafiri.

Lakini kabla ya mvua kulikuwa na kiangazi, na hicho sipendi kukieleza sana. Baba alikuwa akivunja mawe Lukenya, kazi ikakatika. Aliyetulisha ni shangazi Wanza, dada yake, ambaye hakuolewa wala hakuzaa. Aliuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe kando ya barabara, na kila jioni alituletea yaliyobaki. Siku nyingine naona hayakubaki, alituletea tu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na Wanza maana yake ni aliyezaliwa wakati wa njaa.

Mtoto akaja na mvua, msichana. Jina hutolewa siku ya tatu, wanawake wakikusanyika, na mtoto havushwi siku hiyo bila jina. Siku ya tatu ikafika, babu hayuko, mto umejaa. Baba akasema aitwe Wanza, maana dada yake hana mwingine wa kumbebea jina, na Mumbua atangoja msichana atakayefuata. Mama akanyamaza. Nilimlaumu miaka mingi kwa kunyamaza huko, kisha nikaacha.

Babu alifika siku ya nne, viatu mkononi, shanga nyeupe za marehemu amezifunga kwenye leso. Alisimama mlangoni akitania, kama babu anavyomtania mjukuu mwenye jina la mkewe. "Mke wangu bado amelala? Mwambieni mume amefika, na ana njaa."

Shangazi ndiye aliyejibu, macho chini. "Mzee, tumemwita Wanza."

Babu alimtazama mtoto. "Mvua yote hii," akasema, "na mmemwita njaa." Kisha akamgeukia shangazi, sauti imeshuka. "Wewe ulimlisha binti yangu. Jina ni lako, sibishani." Akaweka shanga mezani. "Atakayekuja atazikuta hapa."

Hakuja mwingine. Mama hakuzaa tena. Juzi binti yangu, ambaye ana mimba, alikuwa ameinamia simu akitafuta jina la kizamani, lenye maana, lisilo la kila mtu. Siku hizi jina linachaguliwa kama kiatu. Zamani lilikuwa deni la watu, na deni lina uchungu wake. Sisemi lipi ni bora. Nilifungua mkebe ninamoweka shanga zile, nikamwekea mapajani, nikamwambia lipo moja, limengoja miaka thelathini. Akauliza lilikuwa la nani. Nikamsimulia kama nilivyowasimulia nyinyi, mpaka mwisho wake.

Mwisho wenyewe ni mfupi. Mama alimpa babu uji, akanywa nusu, akainuka. Baba akamwomba angoje mvua ipungue. Babu akasema mvua haijawahi kumkosea. Akavaa viatu, akampapasa punda shingoni, akashuka njia ya mtoni bila kugeuka. Mama aliendelea kwenda Mwala kumwona mpaka alipozikwa. Kwetu babu hakukanyaga tena.