Kitenge Kimoja cha Arusi Yangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilitoka Mugunga kwa mama nikaenda Ndosho kwa baba, nikarudi Mugunga, kisha Ndosho tena, mpaka vumbi la pikipiki likaniingia kwenye kope. Sikuwa nauza kitu, nilikuwa nabeba maneno. Arusi yangu ilikuwa imebakiza juma moja, na baba na mama, walioachana nikiwa bado shuleni, walikuwa wakigombana kupitia kinywa changu. Unacheka? Ubatizo wa mtoto wako umekaribia, wazazi wako walioachana nao wanakutuma huku na huku, na tayari umekonda. Kaa hapa unisikilize.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kitenge. Unajua kwetu arusi ambayo familia haikuvaa kitenge kimoja ni kama mkutano tu wa watu wenye njaa. Sasa baba akamwachia mke wake, yule niliyemwita mama mdogo, akichague. Mama aliposikia, akasema hakanyagi.

"Sivai kitambaa chenye ule bibi alichagua," aliniambia. "Nitabakia hapa na bakimbizi bangu."

Wakati ule vita vilikuwa Masisi, watu wakishuka na magodoro kichwani, na uani kwa mama Mugunga palijaa wanawake waliokimbia. Lakini mimi nilimtaka mama yangu. Bibi arusi huingizwa kwenye sherehe na mama yake, akicheza mbele, wanawake wengine nyuma. Nani angeniingiza mimi? Nililia njia nzima, mwenye pikipiki akadhani nimefiwa.

Aliyenizuia ni shangazi, dada mkubwa wa baba, mwenye sauti iliyosikika mpaka kwa jirani wa tatu.

"Weye ni bibi arusi ao ni mubeba barua?" akaniuliza. "Mama akisema, unapeleka. Papa akisema, unapeleka. Weye mwenyewe unataka nini?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza, hata mchumba wangu, maskini, aliyekuwa anaogopa pande zote mbili.

"Basi enda ujue kwanza. Halafu useme maneno moja kwa bote."

Kesho yake nikaingia soko la Birere nikachagua mwenyewe, kitenge cha manjano chenye ndege wa buluu. Ndege wenyewe walikuwa wanene kama kuku, lakini nilikipenda. Nikaenda kwa baba, nikapiga moyo konde, nikasema mbele ya mkewe, "Papa, kitenge ni hii. Mama ndiye ataniingiza. Mama mudogo atapokea bageni, juu hakuna mwenye anajua kazi hiyo kumupita." Baba akanuna. Mama mdogo akakipapasa kitambaa, akasema, "Iko muzuri." Mpaka leo namshukuru.

Siku hiyohiyo nikamwambia mama maneno yaleyale, nikamwekea kitambaa chake mapajani. Nikaongeza moja tu: "Sikuombi umupende mutu, mama. Ninakuomba ucheze." Akakikunja, akatoka nacho uani kwa wale wanawake.

Siku ya arusi, kanisani hakuonekana. Tukafika kwa baba Ndosho, upande wa bwana arusi umeshakaa, mchuzi wa mbuzi unanukia, mama bado hayupo. Mshereheshaji akaninong'oneza niingie na mama mdogo. Nikamwambia tunangoja. Tukangoja juani, vipodozi vikinitiririka mpaka shingoni.

Ndipo tukasikia nyimbo barabarani. Mama huyo, anakuja akicheza, amevaa gauni lake la kijani la zamani. Kitenge changu kilikuwa kichwani tu, kilemba. Na nyuma yake wale wanawake wa uani kwake, kila mmoja kilemba cha kitenge hichohicho!

"Nilikikata," mama akasema akihema. "Bangekuja aje kwa arusi ya mutoto wangu bila kitu?"

Mama mdogo alikuwa mlangoni na beseni la maji ya kunawa. Akaliweka chini. Akafungua kitenge chake cha juu, akamsogelea mama, akaanza kumfunga kiunoni. Mama akasimama wima.

"Usikaze sana," mama akasema, "bado sijakula."

Vigelegele, mwanangu! Waliokimbia vita walivipiga kuliko wenyeji. Mama akaniingiza, nami nilifurahi mpaka nikasahau viatu vilivyokuwa vinanibana. Baba alicheza vibaya, kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza tangu waachane nikamsikia mama akimcheka. Sikudanganyi, hawakurudiana. Hata urafiki haukuwepo. Kila mtu alirudi kwake na kinyongo chake, lakini arusi niliipata.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Acha kusuluhisha yaliyowashinda wao wenyewe. Maneno ya mmoja usiyapeleke kwa mwenzake, hata ukitumwa. Jua unachotaka, ukiseme kwa wote wawili kwa heshima, na kila mmoja umpe kazi ya kufanya, maana mtu mwenye kazi hapati nafasi ya kununa. Anayechelewa, mngoje kidogo. Asiyekuja, mpelekee chakula chake kesho yake na usimseme vibaya. Na siku ikifika, furahi bila aibu. Hao wawili wamegawana kila kitu walichokuwa nacho, lakini wewe hawajaweza kukugawana, na mtoto wako pia ni wa wote wawili.

Inamisha kichwa nikubariki. Mungu ailinde nyumba yako, bunduki zinyamaze siku ya ubatizo, na mtoto huyu abebwe na mikono mingi mpaka asijue upi ni wa upande gani. Amina.